Glasgow hadi Inverness kwa siku moja: jinsi ya kuipita barabara ya A82

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Video ya leo ni ya ninyi mnaokuja kutalii Uskoti na mnauliza kama siku moja ya kuendesha gari inatosha kuona nchi. Inatosha, ila msipange safari kwa kuhesabu kilomita. A82 kutoka Glasgow hadi Inverness ni maili 167, kama kilomita 269. Bila kusimama ni mwendo wa saa nne hivi. Ukiitendea haki, ni kutwa nzima.

Tuanze na gari la kukodi. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inamruhusu mgeni kuendesha gari dogo hadi miezi 12. Ukitaka otomatiki, sema mapema unapoweka nafasi, maana gari za gia za mkono bado ni nyingi. Dhamana huzuiwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya mume au mke wako mara nyingi hukataliwa pale mezani. Piga picha rimu zote nne na kioo cha mbele kabla hujaondoka.

Mafuta unajaza mwenyewe. Mpini wa kijani kwa kawaida ni petroli, mweusi ni dizeli. Soma kifuniko cha tangi kwanza. Ukikosea, usiwashe gari hata kidogo, kwa sababu ukiwasha mafuta yanaingia kwenye pampu na nozeli za injini, na gharama inapanda mno. Piga simu kwa waliokukodisha.

Toka Glasgow saa moja asubuhi. Huku wanashika kushoto kama kwetu, kwa hiyo kipilefti hakitakusumbua. Mwangalie zaidi mtalii wa nchi za kushika kulia anayetoka kwenye maegesho, ndiye anayesahau upande.

Ziwa la Loch Lomond linaanza pana, lenye visiwa, kisha linabanwa na milima. Hapo unavuka ufa wa miamba unaotenganisha nyanda za chini na za juu. Visiwa kadhaa vimejipanga juu ya ufa huo. Baada ya kijiji cha Tarbet barabara inakuwa nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na ziwa upande wa pili. Ukiona basi linakuja, punguza mwendo mapema na umpe nafasi. Kikomo ni maili 60 kwa saa, lakini hicho si mwendo wa kulazimisha.

Rannoch Moor ni kinamasi cha mboji, wazi kabisa, na mtandao wa simu hukatika. Pakua ramani kabla ya kutoka. Kisha bonde la Glencoe, na hapa ndipo nawasihi mtumie muda: mabaki ya volkano kuukuu iliyobomokea ndani, na bonde lile lile walikouawa watu wa ukoo wa MacDonald mwaka 1692. Maegesho ya mbele ya vilele vya Three Sisters hujaa mapema. Yakijaa, endelea, usipande majani ya kando, ardhi ni laini na tairi huzama.

Kabla ya bonde kuna njia ya Glen Etive, kilomita kama 20, gari moja kwa upana, na mwisho wake ni Loch Etive, mkono wa bahari. Sehemu za kupishana zina vibao. Ikiwa kushoto kwako, ingia. Ikiwa kulia, simama mkabala nayo, mwenzako ndiye aingie. Usivuke upande wake. Anayepanda mlima mpishe kila inapowezekana. Kuna gari nyuma yako lina haraka? Ingia likupite. Na usiegeshe humo hata kwa picha moja, unaziba njia ya wenyeji na ya gari la wagonjwa.

Kuanzia mji wa Fort William, chini ya mlima Ben Nevis wenye mita 1,345, barabara inafuata ufa mwingine mrefu hadi Loch Ness. Visubi huuma sana kuanzia Mei hadi Septemba, hasa jioni isiyo na upepo. Kulungu nao huvuka barabara jua linapozama. Ukimwona mmoja, tegemea wa pili.

Desemba jua huzama Inverness saa tisa na nusu alasiri, basi acheni Glen Etive. Juni mna mwanga hadi saa nne usiku, ifuateni hadi mwisho.