Krimu, Vanishi na Bamvua la Baba Mdogo

SEKELA: Mwishoni mwa wiki nilikuwa Tukuyu, nyumbani kwa baba, na nilipofika uani nilimkuta fundi rangi amekwisha kufungua ndoo ya rangi ya krimu, huku mjomba akimwelekeza aanzie ukuta wa mbele, ule wa matofali ya kuchoma ambao wasikilizaji wetu wamechoka kunisikia nikiusifu. Niliomba kazi isimame mpaka baba arudi kutoka shambani. Fundi alikubali upesi kuliko mjomba.

HAMISI: Ninaanza kumhurumia mjomba, dada Sekela, kwa sababu nyumba ile nimeiona. Ni nyumba imara, lakini matofali yake yana rangi ya machungwa hapa, nyekundu pale, na nyeusi pale moto ulipozidi, na viungo vya saruji vimejaa madoa. Mtu anayetaka iwe safi ana haki yake.

SEKELA: Haki anayo, na hata shangazi alikuwa na yake, kwa kuwa alisimamia upande wa vanishi. Kwa maneno yake, krimu ingeificha nyumba, lakini vanishi ingeing’arisha. Baba aliporudi alitaka kujua kwanza kama chai ipo. Hivyo tuliketi, na ubishi wote ukawa ni kati ya kupaka rangi na kupaka kitu kinachoonyesha tofali.

HAMISI: Nawe ulisimama upande upi?

SEKELA: Sikusimama upande wowote kati ya hiyo miwili, kwa sababu kwa ukuta ule rangi na vanishi ni ndugu. Rangi ya maji, rangi ya mafuta na vanishi zote huacha utando juu ya tofali. Utando wa vanishi unapitisha macho tu, lakini kwa maji yaliyo ndani ya ukuta ni mlango uliofungwa. Kipo kitu cha tatu, yaani rangi ya kupenya, ambayo huingia katika vitundu vya tofali, ikabadilisha rangi yake, na kuviacha vitundu hivyo wazi. Zile nzuri hutengenezwa kwa silikati, yaani madini ya jamii ya mchanga, na oksaidi za chuma, yaani jamii ya kutu. Utaalamu wenyewe si mgeni, kwa sababu Mjerumani Adolf Wilhelm Keim alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya rangi za silikati mwaka 1878. Ugumu ni kuipata: katika maduka ya vifaa vya ujenzi ninayoyafahamu, ukiomba rangi ya tofali inayopenya utapewa kopo la vanishi.

HAMISI: Waeleze wasikilizaji kwa nini maji yawemo ndani ya ukuta hata kidogo, maana wengi wanadhani ukuta hulowa kwa nje tu.

SEKELA: Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba ya baba ilijengwa bila tabaka la nailoni la kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, huingia kupitia viungo vya saruji vilivyopasuka, na upenu ukiwa mfupi yanaruka kutoka chini na kupiga ukuta. Jua likiwaka hutafuta njia ya kutoka yakiwa mvuke, nayo hubeba chumvi. Tofali likiwa wazi, chumvi hutokeza nje ikawa unga mweupe, ambao unaufagia kwa brashi kavu na mambo yameisha. Kukiwa na utando, chumvi hujikusanya nyuma yake, ikausukuma, na rangi ikibanduka huondoka pamoja na uso wa tofali. Maelezo mengi tunayosoma kuhusu jambo hili yametoka nchi ambazo maji huganda ndani ya ukuta wakati wa baridi. Kwetu tatizo ni chumvi na ukungu.

HAMISI: Ndiyo maana Mwenyezi Mungu alitupa mkanda.

SEKELA: Kaka Hamisi, tafadhali, tuna maswali matano ya kusoma leo.

HAMISI: Mkanda ni sehemu ya somo. Ninazungumzia ule mstari wa rangi ya chokoleti unaopakwa sehemu ya chini ya ukuta, ili tope likiruka lisionekane. Baba yangu mdogo pale Tanga alipaka nyumba yake krimu, na mkanda wake ulianza chini ya goti. Baada ya masika rangi ilifura juu kidogo ya mkanda, akaupandisha. Masika yaliyofuata ikafura tena, akaupandisha tena. Sasa umefika kwenye kizingiti cha dirisha, na wajukuu zake wanauita bamvua, kwa sababu kila mwaka maji yanajaa na hayajawahi kupwa.

SEKELA: Huo ndio ushahidi wangu, na umeuleta mwenyewe! Mkanda haukuzuia unyevu hata kidogo. Ukuta ulizibwa chini, unyevu haukupata pa kutokea, ukapanda hadi mahali utando ulipokuwa dhaifu. Baba mdogo amekuwa akiusukuma unyevu juu kwa brashi yake mwenyewe.

HAMISI: Yeye anaamini kwamba bado hajafika kimo sahihi. Tulipozungumza kwa simu juzi alisema kwamba juu ya dirisha hapatakuwa na shida.

SEKELA: Juu ya dirisha patakuwa na paa, kisha nyumba nzima itakuwa ya chokoleti.

HAMISI: Na hapo itafanana na tofali la kuchoma, kwa hiyo ninyi wawili mtakuwa mmekubaliana bila kukutana. Lakini kwa haki yake, ule ni ukuta wa bloku uliopigwa plasta, si matofali ya kuchoma.

SEKELA: Unyevu hauulizi kabila la ukuta. Wewe ni mtu wa pwani, unaufahamu Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuta zake za mawe ya matumbawe zilijengwa na kupakwa kwa chokaa, na chokaa hupitisha mvuke. Mahali palipozibwa kwa saruji na rangi za plastiki, unyevu umenaswa na ukuta unaharibika kutoka ndani. Kama mjomba anataka weupe kwa nguvu zote, mimi ningempa chokaa ya maji, tabaka jembamba baada ya jembamba. Hushika kwa kuvuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe, na inapochakaa hufifia badala ya kubanduka.

HAMISI: Chokaa kwa mvua ya Tukuyu? Utapaka kila mwaka, na ukiegemea ukutani na koti jeusi utakwenda kanisani ukiwa umevaa nyumba. Hata hivyo baba mdogo angeipenda, kwa sababu mkanda unakaa vizuri juu ya chokaa.

SEKELA: Hakuna mkanda juu ya chokaa!

HAMISI: Sasa niseme neno la kweli, kwa sababu utani umekula nusu ya kipindi. Matofali ya baba yako yalichomwa katika tanuru la kienyeji. Katika tanuru la namna hiyo, yaliyokaa katikati huiva, na yaliyokaa pembeni hubaki nusu mbichi. Tofali lililoiva ukiligonga hulia. Lisiloiva linatoa sauti ya bubu, na msumari unalichimba. Nilichimba moja kwenye kona ya jikoni, nikapata unga. Tofali kama hilo mvua inalila mwaka hadi mwaka, na rangi yako ya kupenya hailipi nguvu yoyote, inalipa urembo tu. Ukuta ule unahitaji plasta na rangi, na rangi itarudiwa kila inapochakaa.

SEKELA: Tofali bovu hung’olewa na kuwekwa zima. Viungo vilivyopasuka hukwanguliwa na kupigwa upya, upenu unaongezwa, gata inawekwa. Ukishafanya hayo, huhitaji kuufunika ukuta mzima kwa sababu ya matofali ya kona moja. Kanisa Kuu la Namirembe kule Kampala liliwekwa wakfu mwaka 1919, na matofali yake mekundu yako wazi mpaka leo.

HAMISI: Matofali ya kanisa kuu yalichaguliwa. Ya baba yako yalitoka tanuru la jirani, na mafundi walijenga kwa kile kilichokuwepo. Huwezi kuipima nyumba ya familia kwa kanisa kuu.

SEKELA: Ninaipima kwa jambo moja: kinachoweza kurudishwa nyuma. Tofali lililopakwa rangi ya mafuta halirudi. Ukitumia msasa au brashi ya waya, unaondoa ule uso mgumu uliotengenezwa na moto, na ndani ni laini. Ukingoja mwaka mmoja kabla ya kupaka, hupotezi kitu.

HAMISI: Unapoteza mwaka mmoja wa tofali. Mvua haingojei kamati ya familia.

SEKELA: Mvua imengoja tangu nyumba ijengwe.

HAMISI: Haikungoja, dada Sekela, nimekuambia kona ya jikoni ni unga! Hapa siwezi kukubaliana nawe, hata ukiniletea makanisa makuu yote ya Uganda.

SEKELA: Nami sitakubali krimu ipande kwenye ukuta ule kwa sababu ya kona moja.

HAMISI: Basi ndoo ya krimu iko wapi sasa?

SEKELA: Iko stoo. Baba alisema ifunikwe vizuri, na hakusema zaidi.

HAMISI: Mtayarishaji ananionyesha kwamba tumebakiwa na dakika mbili, na yale maswali matano hatujalifungua hata moja.

SEKELA: Nitajibu lile la msikilizaji wa Njombe pekee, aliyeuliza atajuaje kama ukuta wake utapokea rangi ya kupenya. Siku ambayo ukuta ni mkavu, rashia maji mahali pasipoonekana, nyuma ya nyumba. Tofali likiyanywa na kuwa jeusi mara moja, litapokea. Maji yakikusanyika matone na kuteremka, kuna vanishi au utando mwingine, na rangi ya kupenya itaishia juu juu. Baada ya hapo paka kipande kidogo, ukiangalie kikiwa kimekauka kabisa, kwa sababu kikiwa kibichi huonekana cheusi kuliko kitakavyokuwa. Yale manne kuhusu gharama, ukungu, wakati wa kupaka na namna ya kumlipa fundi...

HAMISI: Yatangoja. Msikilizaji wa Njombe, kabla hujarashia maji, chukua msumari kwanza.

SEKELA: Asichukue msumari, achukue maji.

HAMISI: Msumari, ndugu yangu, na uanzie kona ya jikoni.