Kijani cha Ramani Hakimlishi Buabua

Ndugu zangu, hili nitalisema mpaka lieleweke. Kijani kwenye ramani ya setilaiti ni vijimea vya baharini tu. Hakikwambii ndege wako wapi.

Mtazameni buabua, ndege wa baharini, wa Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha matumbawe kusini mashariki ya Unguja. Namsema yule mwenye mgongo mweusi. Manyoya yake hayazuii maji vizuri, kwa hiyo hatui baharini kupumzika. Kupiga mbizi hapigi. Anadonoa juu ya maji, basi! Dagaa na ngisi wakiwa mita tatu chini, kwake ni sawa na hawapo. Lazima apatikane wa kumpandishia, naye ni jodari au sehewa, samaki wakubwa wawindaji: anawabana dagaa kutoka chini, wanakimbilia juu, maji yanachemka, buabua wanashuka. Mvuvi akiona ndege wanazunguka huelekeza chombo hukohuko. Kwa hiyo msiulize tu chakula ni kingi kiasi gani. Ulizeni kiko kina gani, na nani anakipandisha.

Mtaniambia: mbona Oman, wakati wa kusi, kijani kipo na ndege wamejaa? Kule upepo unavuma sambamba na pwani, mzunguko wa dunia unayapinda maji ya juu kwenda nje, na maji baridi yenye rutuba yanapanda kushika nafasi. Tena kule kuna mnandi wa Socotra, ndege mzamiaji. Anayezamia na anayedonoa hawapimwi kwa kipimo kimoja, jamani!

Sasa rudini 1997. Magharibi mwa Bahari ya Hindi paliingia joto lisilo la kawaida, na tabaka la maji baridi likashuka. Mapema 1998 meli za jodari zikahamia mashariki kumfuata. Jodari akihama, au akizama na ubaridi wake, buabua anayemtegemea hana wa kumpandishia chakula. Mwaka 2019 joto la namna ile lilirudi.

Huku kwetu, wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia unashuka na kukutana na mkondo wetu wa Afrika Mashariki upande wa kaskazini mwa Kenya, kisha yote miwili inageukia bahari kuu. Tafuteni mshono wa maji, yaani mstari inapokutana mikondo, penye povu na mwani.

Muda unakwisha, niseme la kuhesabu ndege mkiwa chomboni. Chukueni ukanda wa mita 300, upande mmoja wa chombo. Kwa mwendo wa noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa), mita 300 mnazipita kwa dakika moja hivi. Basi wanaoruka wahesabiwe kwa mpigo mmoja kila dakika, wale tu waliomo ukandani wakati huo. Ukihesabu kila anayepita, wenye kasi kuliko chombo watakuzidishia idadi. Wanaofuata meli waandikwe kando. Joto la maji lipimwe kila dakika kumi. Na dakika isiyo na ndege iandikwe sifuri, isiachwe wazi, maana bila hizo sifuri hatujui ni maji gani wanayakwepa.