Nguruwe Jike na Chakula Chake katika Nchi Kavu ya Dodoma

Mbukwenyi, ndugu wafugaji, maofisa ugani na wanafunzi mliofika.

Wafugaji wa hapa huniuliza zaidi kuhusu bei ya chakula, nami huanza kwa kuwauliza habari za nguruwe jike: anazaa mara ngapi kwa mwaka, na watoto wake wangapi wanafikia kuachishwa kunyonya? Jike hula kila siku, awe na mimba au asiwe nayo, na gharama hiyo yote hulipwa na watoto wake peke yao. Mimba huchukua siku 114. Akinyonyesha siku 56 na kupandwa ndani ya wiki moja baada ya hapo, mzunguko wake ni siku 177. Akinyonyesha siku 35, ni siku 156, hivyo huzaa tena mapema zaidi. Hata hivyo, kuachisha mapema kunawafaa watoto waliozoeshwa chakula tangu wakiwa na wiki mbili, kwani wasiozoeshwa huharisha na kudumaa.

Sasa, tuwalishe nini? Mvua zetu ni za msimu mmoja, na mahindi hutuangusha mara kwa mara, ilhali mtama, uwele na alizeti huvumilia. Mtama mweupe unaweza kuchukua sehemu kubwa ya nafasi ya mahindi. Ule mwekundu mchungu, ambao hata ndege huukwepa, una tanini inayozuia protini isisagwe vizuri tumboni, kwa hiyo utumike kwa kiasi.

Mashudu ya alizeti yanahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapo ndipo ninapoona fedha nyingi zikipotea. Yana protini, lakini yana upungufu wa laisini, kirutubisho ambacho mwili wa nguruwe hauwezi kujitengenezea na ambacho nafaka zetu nazo zinacho kidogo. Mfugaji anayeona watoto hawakui akaongeza mashudu anaongeza kilichokwisha kutosha na kuacha kile kinachopungua. Dagaa au soya iliyopikwa huziba pengo hilo. Tena mashudu yasiyokobolewa yana nyuzinyuzi nyingi, ambazo tumbo la mtoto haliziwezi, ila jike mwenye mimba hushiba kwazo bila kunenepa kupita kiasi. Kwa hiyo dagaa wachache ulio nao wapelekee watoto na mama anayenyonyesha, na mashudu na pumba zielekee zaidi kwa wenye mimba. Anayenyonyesha asipimiwe chakula kwa ubahili, wala asikose maji, kwani anaweza kunywa lita 20 au zaidi kwa siku.

Nafaka na karanga zilizoota ukungu msiwape kabisa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na nguruwe nao huumizwa na sumu hiyohiyo.

Limebaki suala la dume. Kijiji kikitumia dume mmoja miaka mingi, hatimaye atapanda binti zake, na watoto wataanza kuzaliwa wachache na dhaifu. Kuazimana dume kutoka banda hadi banda nako kunaweza kusambaza homa ya nguruwe ya Afrika, isiyo na tiba. Ninachopendekeza ni kubadilishana madume kati ya vijiji kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, kila anayeingia akitengwa siku 30 kabla ya kukaribia majike, na tarehe ya kila kupandwa ikiandikwa daftarini pamoja na jina la dume.