Pilipili Mbuzi Uani: Harufu Kwanza, Ukali Baadaye

Assalamu alaykum, na wengine habari za jioni. Niliposema nitazungumzia pilipili niliwaona mnachekeana. Haya, chekeni, lakini kwanza pokeeni hizi mbili mzipitishe. Nuseni tu, msizibonyeze, na mkono usiende jichoni.

Zote ni pilipili mbuzi. Ya kijani nimeinunua sokoni asubuhi. Hii ya rangi ya chungwa nimeichuma uani kwangu kabla sijatoka. Mama pale mbele anasema ya sokoni inanuka majani. Na hii nyingine? Embe! Mwingine anasema ganda la chungwa. Mko sahihi nyote wawili.

Sasa, aina ni ileile. Kilichozitenganisha ni siku za kukaa mtini. Mchuuzi anachuma ikiwa bichi kwa sababu mbichi ni ngumu, inavumilia gunia na barabara. Simlaumu. Ila utamu na ile harufu ya matunda huja pilipili inapobadilika rangi, na hapo ndipo imeshauzwa. Msije mkadhani ikiiva inapoa, hapana. Inabaki na moto wake, ila moto umepata mwenzake. Ndiyo maana nasema panda mwenyewe. Kama unataka ukali mtupu, pilipili kichaa ipo kila kona, usijisumbue.

Wataalamu wanaiita Capsicum chinense, jina alilolitoa mtaalamu wa mimea Jacquin mwaka 1776 akidhani imetoka China. Asili yake ni Amerika, upande wa Amazon. Waasia na sisi wa pwani tuliipata baada ya mabaharia wa Ulaya kuvuka bahari. Ndugu yake ni habanero ya Mexico, ambayo kwenye kipimo cha ukali cha Scoville, kilichobuniwa mwaka 1912, hufika kati ya 100,000 na 350,000. Hoho, ambayo wenzetu wa Unguja huiita pilipili boga, ni sifuri. Na Venezuela wana pilipili ya jamii hiihii ya mbuzi, ají dulce, ina harufu yote lakini ukali karibu haupo. Kwa hiyo harufu na ukali si kitu kimoja. Mpishi wa pwani alilijua hilo zamani: anaitumbukiza nzima kwenye mchuzi, kikonyo chake juu, na ole wake atakayeipasua kwa mwiko.

Tuje kwenye mbegu. Chagua tunda lililoiva kabisa, kutoka kwenye mti ambao harufu yake umeipenda. Pasua, kwangua mbegu, zianike kivulini juu ya sahani kama wiki moja. Ukali wenyewe unakaa kwenye ule utando mweupe zinaposhikilia mbegu, si ndani ya mbegu. Ila mbegu hupakwa ukali huo, kwa hiyo vaa hata mfuko wa plastiki mkononi.

Hapa nilipigwa mimi. Nilikuwa na mbuzi na kichaa, ndoo kwa ndoo. Mwaka ule matunda yalikuwa mazuri, nikatunza mbegu kwa fahari, nikagawa mtaa mzima. Zilipozaa, vikatoka vidude vyembamba, vikali kama wembe, harufu hakuna. Jirani yangu alinirudishia mche wake, na ndoo juu! Nyuki walikuwa wamepeleka chavua huku na huku. Tunda la mwaka huo halibadiliki, mbegu iliyomo ndiyo inabadilika, kwa hiyo hujui mpaka msimu unaofuata. Siku hizi nakata kipande cha chandarua kilichochakaa, nafunika tawi moja kabla maua hayajafunguka, nalitikisa kila asubuhi. Ua la pilipili linajichavusha lenyewe. Matunda yakishashika natoa chandarua, nafunga uzi mwekundu. Tunda lenye uzi haliliwi, na watoto nyumbani wanajua.

Kusia ni kazi ndogo: kina cha nusu sentimita, udongo uliochanganywa na mboji, unyevu usiwe tope. Tope linaleta kinyausi, mche unalala chini asubuhi moja kama umekatwa. Joto linalofaa ni nyuzi 25 hadi 30, kwa hiyo sisi wa Tanga tunalo la bure. Mwenye ndugu Lushoto amwambie aweke kopo karibu na jiko. Na subira jamani! Mbuzi huchukua siku kumi hadi wiki tatu, na nyingine hupitiliza. Nimeona watu wakimwaga udongo siku ya nane wakisema mbegu imekufa.

Mche ukiwa na majani kama matano, uhamishie kwenye ndoo ya rangi ya lita 10 au zaidi, iliyotobolewa chini. Samadi iwe imeiva. Ukizidisha samadi utapata kichaka kizuri cha kupiga nacho picha, pilipili huoni.

Naam, bibi? Maua kupukutika? Hilo ndilo swali la Januari. Usiku ukiwa wa joto sana, au ndoo ikikauka halafu ukaifurikisha, mti unaangusha maua. Sogeza ndoo ipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, mwagilia kwa mpango. Ukiona majani yamejikunja, geuza uangalie chini yake, mara nyingi ni vidukari au utitiri. Vidukari maji ya sabuni kidogo yanavitosha, utitiri ni mbishi, ukate tawi mapema.

Kutoka kuhamisha mche hadi tunda la kwanza kuiva hesabu miezi mitatu, pengine minne. Likiwa kijani limekamilika umbo, mkono utawasha. Zuia. Bado wiki kadhaa.

Na akikosea mtoto akaitafuna, msimpe maji, yanatembeza moto tu. Mpeni maziwa au mtindi.

Miche ipo pale mlangoni, kwenye vikombe vya kahawa. Chukueni mmoja mmoja, vikombe ni vya mke wangu na amevihesabu.