Pikapu inamisi leo, kesho imetulia: ikamate kabla hujanunua spea

Karibuni gereji. Leo tuna Hilux ya zamani, injini 22R, petroli, kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na distributa (inayogawa moto kwa kila plagi). Mwenyewe analalamika inamisi, yaani injini inakatakata, ila si kila siku. Ikifika kwa fundi inatulia kama mtoto mbele ya wageni. Kweli mimi nauza waya za plagi na kepu za distributa, lakini leo usininunulie kitu mpaka tumepima.

Kabla ya spana, daftari. Andika inamisi wakati gani. Asubuhi baada ya mvua, halafu ikipata joto inatulia? Huo ni unyevu, mshuku kepu na waya. Inaanza kukatakata kwenye foleni ya Ubungo, injini ikiwa ya moto? Koili (inayotengeneza moto wa plagi), au petroli inachemka kwenye mpira wa mafuta. Kilimani na mzigo tu? Mafuta hayatoshi, au moto wa plagi, ile cheche, ni dhaifu. Ikiwa sailensa tu, yaani hujakanyaga mafuta? Tafuta mpira wa hewa uliopasuka, anza na ule mnene wa hydrovac, kile kinachokusaidia kukanyaga breki. Ya leo inamisi asubuhi na ikipanda kilima. Tunaanza na moto.

Boneti juu, hilo mnajua. Sasa tunasubiri giza.

Haya, giza limeingia. Chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni. Washa injini, iache sailensa, pulizia ukungu kwenye waya za plagi na kepu. Nimesema ukungu, humwagilii bustani. Mikono mbali, humo unapita umeme wa zaidi ya volti 10,000. Kamera haioni kitu, hebu zima hiyo taa ya simu. Bado. Sogea upande wa radieta… Hapo! Umeona uzi wa buluu? Unatoka waya namba 2, unarukia boliti ya kava ya tapeti, mfuniko wa juu ya injini. Sikiliza: ta, ta, ta. Na injini inatetemeka palepale.

Hapa wengi hubadilisha waya wakafunga boneti. Subiri kwanza. Moto hupita njia rahisi. Kama mwanya wa plagi umekuwa mkubwa, moto unashindwa kuuvuka, unatafuta upenyo kwenye ngozi ya waya. Ukiweka waya mpya juu ya plagi mbovu, nayo itatobolewa, utarudi kunilaumu mimi.

Zima, acha injini ipoe. Hedi, kile kichwa cha injini zinapofungwa plagi, ya hii ni aluminiamu, usifungue plagi ikiwa ya moto. Bandika tepu kwenye kila waya, 1 hadi 4, namba 1 ni ya mbele kwenye radieta. Mpangilio wa kuchoma ni 1-3-4-2, ukichanganya waya itapiga risasi kwenye kabureta. Vuta kwa kushika buti la mpira, usivute waya wenyewe.

Sasa multimita. Kila waya usizidi omu 25,000. Namba 2 unasoma 14,000, mzima kabisa, sivyo? Sogeza kamera. Naukunja hapa karibu na buti… namba zimepotea. Naunyoosha, zimerudi. Umekatika ndani na ncha zinagusana zikijisikia. Ndiyo maana hii gari ina siku zake. Ukipima bila kuutikisa, utaapa ni mzima.

Plagi zenyewe. Rangi ya udongo mkavu ni nzuri. Masizi makavu meusi, mafuta yamezidi au moto hafifu. Nyeupe, mafuta pungufu. Inayong'aa kwa oili, hilo ni suala la ringi au sili za valvu, video nyingine. Namba 2 ina masizi, na geji inaonyesha mwanya wa milimita 1.1, wakati unatakiwa 0.8. Plagi zote nne nabadilisha, sibadilishi moja, na waya namba 2 naweka mpya.

Kurudisha plagi, nisikilizeni. Usianze na spana. Chukua kipande cha mpira wa mafuta cha kama sentimita 20, kivishe kichwani mwa plagi, zungusha kwa vidole. Ikienda pembeni, mpira utateleza wenyewe mkononi, na hilo ndilo tunalolitaka. Ikigoma, itoe, anza upya. Usianze na spana! Uzi wa aluminiamu ukishaharibika, hedi itabidi ifunguliwe. Ikifika mwisho kwa vidole, ndipo spana: plagi mpya, nusu zamu tu, ili ile pete yake ya chuma ikae. Jirani yangu hapa anatikisa kichwa, anajua. Narudia kwa aliyeruka video: vidole kwanza.

Kepu ya distributa. Ifungue, tazama ndani kwa tochi. Mstari mweusi mwembamba kama wa penseli kati ya ncha mbili ni ufa, tupa. Katikati kuna kidude cha kaboni chenye springi, kibonyeze, kirudi. Hiki kinarudi. Ncha zina ukungu wa kijani, kwa hewa ya chumvi ya huku kwetu ni kawaida. Nakwangua kwa bisibisi ndogo, nafuta na kitambaa kikavu. Oh, klipu imedondoka. Iko… chini ya alternator. Basi, imepatikana.

Upande wa mafuta haraka haraka. Filta ya petroli ni rahisi, badilisha. Ikimisi baada ya mwendo mrefu, fungua mfuniko wa tanki: ukisikia unavuta hewa kwa nguvu, tundu lake la kupumulia limeziba. Na chota petroli ya tanki kwenye chupa nyeupe, iache dakika 10. Maji hukaa chini. Mwenye sigara asogee mbali.

Mwisho, washa, tikisa waya za koili, soketi za distributa, na ethi, ule waya wa kurudisha umeme, kutoka injini hadi bodi. Injini ikibadilika sauti unapogusa, umempata mwizi mwingine. Hii haibadiliki.

Rudia maji ya saluni gizani: hakuna buluu. Kesho asubuhi na mapema, mzigo nyuma, gia ya tatu, tunatoka Ubungo kupanda Kimara. Daftari liko kwenye dashibodi.