Jinsi ya kupanga nyimbo za zamani za Halloween

Karibuni tena. Leo tunapanga muziki wa Halloween, ule usiku wa Oktoba 31 wa kutishana kwa mchezo, kwa nyimbo za zamani tupu. Kwa nyie mlioko Marekani ambao watoto wa mtaa watawabishia hodi wakidai peremende, hii ni yenu. Fungua programu yako ya muziki, tengeneza orodha mpya.

Anza na "Monster Mash" wa Bobby Pickett. Ulitoka 1962, na Oktoba hiyohiyo ukashika namba moja Marekani. Hebu sikiliza mwanzo wake... Umesikia jeneza linavyolia likifunguliwa? Ni msumari wenye kutu unang'olewa kwenye ubao! Na huo uji wa kichawi unaotokota ni maji tu, yanapulizwa kwa mrija. Gharama karibu na bure, na mpaka leo watu wanashtuka.

Kabla hatujaongeza wimbo mwingine, ingia kwenye mipangilio. Kuna sehemu ya kuunganisha nyimbo, ile inayofanya wimbo mmoja uanze kabla mwingine haujaisha. Iweke sifuri, la sivyo mlio wa jeneza utamezwa, na utamu wenyewe ndio uko hapo. Washa pia kusawazisha sauti, usije ukakesha umeshika kitufe cha sauti.

Haya, jioni watoto wakiwa mlangoni wape vichekesho: "The Purple People Eater" wa Sheb Wooley na "Witch Doctor" wa David Seville, zote za 1958. Ile sauti nyembamba ya mganga kwenye "Witch Doctor" ilirekodiwa kwa mwendo wa polepole, kisha kanda ikaharakishwa.

Wakishaondoka, ingiza "I Put a Spell on You" wa Screamin' Jay Hawkins, 1956. Jamaa anakoroma, anapiga kelele, anacheka kama kapandisha mashetani. Jukwaani alikuwa anatokea ndani ya jeneza. Ukiutafuta utaletewa na wa Nina Simone, wa 1965. Kwa uimbaji, mimi nampa Nina, ila wake unauma moyo zaidi ya kutisha. Weka zote mbili, zisifuatane tu. Na kila wimbo angalia jina la mwimbaji kabla ya kuuongeza, kwa sababu hizi za zamani zimerudiwa sana.

"Thriller" wa Michael Jackson usiuweke mwanzoni. Unakaribia dakika sita, na kile kicheko cha Vincent Price, mwigizaji wa filamu za kutisha, mwishoni kinataka watu ambao tayari wako katikati ya sebule. Nyingi za nyingine ni dakika mbili na nusu hivi, kwa hiyo saa moja inameza nyimbo zaidi ya 20. Ongeza nyingine kwa mpangilio huohuo.

Mwisho, pakua orodha nzima, halafu zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Ukikisahau, Hawkins atawafokea watoto saa kumi na mbili jioni, na mama zao wako nyuma yao.