Kreni ya mtumba: pitisha kiganja kwenye bumu

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni, hamjambo. Nimeitwa kuzungumzia ununuzi wa kreni za mtumba, zile zinazotembea kwa minyororo kama katapila. Nitaanzia ziwani, ila si ziwa letu hili.

Mwaka 1902, katika mji wa Manitowoc kando ya Ziwa Michigan nchini Marekani, Charles West na Elias Gunnell walinunua karakana ya meli. Mtu wa Kisumu haoni ajabu hapo. MV Uhuru nayo ililetwa vipande vipande kutoka Uskoti, ikaunganishwa papa hapa bandarini kwetu. Na meli haiundwi bila kitu cha kunyanyulia. Mwaka 1925 wale waunda meli wakaanza kuunda kreni, na jina la mji likawa jina la mashine. Vilipokuja Vita vya Pili vya Dunia waliunda nyambizi 28. Mto wao ni mwembamba, kwa hiyo waliziangusha majini kiubavu, kisha zikapelekwa baharini kwa njia ya mto Mississippi. Baada ya vita wakaingia hata kwenye friji na mashine za barafu. Wauza samaki wa Dunga, hao walikuwa watu wenu.

Nasimulia haya kwa sababu yana bei. Mwaka 2016 kampuni ilitangaza kuhamishia uundaji wa kreni hizo Shady Grove, Pennsylvania. Karakana ilihama, lakini kampuni ipo. Ukiwa na namba ya mashine, unajua mlango wa kubisha. Sokoni kuna kreni ambazo walioziunda walishafunga kitambo. Hizo, jedwali la mizigo, yaani karatasi ya uzito unaoruhusiwa kwa kila umbali, likipotea, umenunua chuma chakavu chenye injini.

Maana jedwali ndiyo kreni yenyewe. Dalali atakwambia, "Mzee, hii ni ya tani 100." Muulize: tani za nani, na mzigo ukiwa umbali gani? Tani ya Kimarekani ni kilo 907, hivyo 100 zake ni 90 na kitu za kwetu. Tena uzito huo hunyanyuliwa bumu, yaani ule mkono mrefu wa kreni uliounganishwa kwa mabomba, likiwa karibu wima, mzigo ukining'inia mita chache tu kutoka katikati ya kreni. Usogeze hadi mita 30, unaweza kubaki na sehemu moja ya kumi. Na humo humo utoe uzito wa ndoano na kapi zake. Jedwali lenyewe liwe na namba ileile iliyopigwa kwenye mashine. Nakala ya kreni ya jirani haikusaidii kitu.

Sasa bumu. Miaka kadhaa iliyopita mkandarasi mmoja alinichukua tukaone kreni kwenye yadi. Rangi mbichi, ya manjano, bado inanuka. Injini ikawaka mara moja. Mita ilionyesha masaa machache, nami masaa ya mita siyaamini tangu nilipoona mita mpya kwenye mashine kuukuu. Nikaomba bumu lilazwe chini. Nikatembea kando yake, kiganja juu ya bomba, bila haraka, huku dalali akiniuliza kama nimepoteza pete. Kwenye kipande cha tatu, bomba la chini, kiganja kikapanda kidogo kikashuka. Jicho halikuona chochote. Nikakwangua kwa sarafu ya shilingi ishirini, na chini ya rangi nikakuta pete ya kuchomelea imezunguka bomba zima.

Vijana wa jua kali, najua mnachomelea vizuri, msinune. Yale mabomba makuu manne ya bumu ni chuma kilichopata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Ukikipelekea moto wako bila maelekezo ya aliyekiunda, nguvu hizo zinaondoka na bomba linabaki na sura tu. Bumu likinyanyua, mabomba hayo yanabanwa kutoka juu hadi chini. Hata kibonyeo kidogo panapobanwa ndipo patakapokunjika, na likikunjika halitoi onyo.

Mengine nitayapitia mbio. Kebo: kwenye urefu wa mzunguko mmoja wa msuko, ukikuta nyuzi ndogo 6 zimekatika, au 3 katika uzi mkuu mmoja, yaani fungu moja la nyuzi hizo, ni ya kutupwa. Kapi: ukiona alama ya kebo imejichora ndani ya mfereji, andika gharama. Vyuma vya uzani wa nyuma, vile vinavyoizuia kreni isipinduke, vihesabiwe kimoja kimoja, maana kimoja kikibaki Mombasa jedwali lote halisemi kweli. Na kreni kubwa haipandi Mau Summit kwa lori moja. Uliza ni malori mangapi kabla hujashikana mkono na mtu.

Yule mkandarasi alininunia njia nzima hadi Ahero, kwa kuwa alikuwa ameshalipa arubuni. Kesho yake alirudi, akaibana bei, akainunua bila kile kipande cha tatu, akaagiza kingine kwa namba ya mashine. Kipande kibovu dalali hakukitaka. Kipo nyumbani kwa mkandarasi, kimesimamishwa wima, kimebeba tangi la maji la lita 1,000, na hapo hata mimi nimekiruhusu.